Didas na Geti la Pili

Katika masjala ya ofisi moja ya serikali pale Kibaha, Didas hakuwahi kupoteza jalada hata moja kwa miaka ishirini na miwili. Ukimtajia mgogoro wa mashamba ya Mbwawa ambao hata waliogombana wamekwishazikwa, ananyanyuka, ananyoosha mkono kwenye rafu, na jalada hilo hapo. Vitu alivyopoteza vilikuwa vyake mwenyewe. Alipoteza kiatu cha kushoto mwaka mmoja na cha kulia mwaka uliofuata. Alipoteza koti la harusi yake, meno mawili ya mbele, na pikipiki mara nne, na mara zote nne pikipiki ikakutwa nyumbani kwake mtaa wa Pangani, hapo hapo Kibaha, imeegeshwa vizuri kabisa. Kazi ya pombe hiyo.

Tusimwonee, lakini. Hakuwa mlevi wa kupiga mke wala wa kutukana majirani. Alikuwa mlevi wa hotuba, na mimi nasema huyo ndiye mbaya kuliko wote, kwa sababu mlevi wa ngumi watu humkimbia mapema, huyu wa hotuba wanampisha apite mbele. Kwenye kipaimara cha mtoto wa jirani alinyakua kipaza sauti, akamzawadia mtoto ng'ombe wawili ambao hakuwa nao, akalizwa na ukarimu wake mwenyewe, kisha akailalia keki.

Ndiyo maana wazee wa upande wa mume walipokuja kuzungumzia mahari ya binti yake Atupele, mkewe Bertha na Prosper, mdogo wake Didas, walifanya kikao cha dharura jikoni, wakakubaliana kwamba Didas amesafiri kikazi Dodoma. Dodoma yenyewe ilikuwa stoo ya mahindi nyuma ya nyumba, Didas amelala humo amelewa, mlango umetiwa kofuli. Wageni walikula, wakacheka, wakaelewana, wakaondoka. Bertha akaenda kufungua stoo, akamweleza mumewe habari zote za wakwe: ni akina nani, wanafanya nini, wanaishi wapi. Lakini alimweleza mtu ambaye bado hajarudi kutoka Dodoma. Kilichobaki kichwani mwa Didas ni kwamba kijana anaitwa Godbless, ambaye alimfahamu na kumpenda, na kwamba kwao ni Rombo. Basi akajua wakwe zake wako Rombo huko, wanakula ndizi zao kwa raha.

Jumapili moja, ikiwa zimebaki wiki tano kufika harusi, Atupele alikuja akaketi mbele yake.

"Baba, nimeongea na baba mdogo Prosper. Yeye ndiye atakayenishika mkono kunipeleka mbele kanisani."

Didas alikuwa anakunywa chai. Akaiweka chini.

"Na mimi?"

"Wewe utakaa na mama." Binti hakumwangalia. "Labda uende kwenye vile vikao vya watu wanaoacha pombe. Uende kweli, na uniletee mtu ashuhudie kwamba ulikwenda. Neno lako peke yake, baba, nisamehe, nimelichoka."

Maneno hayo yalimuuma Didas kuliko meno yote mawili yalipong'oka. Huyu ni mtoto aliyembeba mgongoni kwenda kumwandikisha darasa la kwanza. Alitamani sana kutoa hotuba. Kwa mara ya kwanza maishani hotuba haikuja, akabaki anaangalia kikombe.

Siku chache baadaye akaacha kunywa. Hakutangaza. Alitetemeka mikono, akatoka jasho la usiku, akaota anakimbizwa na kreti tupu. Bertha alipoona mumewe anarudi nyumbani jua halijazama, anakula na kulala, akahitimisha kwamba hana hela, wala hakumuuliza. Siku ya tisa Didas alikwenda zahanati kwa sababu ya mikono, na nesi Firdausi, ambaye alikuwa na macho ya kuona kilicho chini ya maneno, akamuuliza swali moja tu. Didas akamwambia kila kitu.

"Kipo kikundi, baba yangu," nesi akasema. "Wanakutana Jumamosi saa tisa."

"Hapa Kibaha?"

"Hapa kipo, na Kisarawe kipo."

"Niambie cha Kisarawe," Didas akasema haraka. Kibaha ni mji ambao ukinunua panadoli, kabla hujafika nyumbani umekwishapewa pole. Huko Kisarawe hakuna aliyemjua.

Firdausi akamwelekeza. Aingie mtaa ulio nyuma ya duka la Biubwa, aangalie nyumba yenye geti la bluu. Bango hawaweki, kwa sababu wanaokuja wanaona aibu. "Lakini utaona viti vya plastiki vyeupe vimepangwa uani. Wewe ingia tu, ukae."

Mtu akikuelekeza hivyo katika mkoa wa Pwani, mshukuru, lakini ujue hajakuelekeza kitu. Viti vya plastiki vyeupe vikipangwa uani inaweza kuwa msiba, inaweza kuwa vikoba, inaweza kuwa jumuiya, inaweza kuwa mgombea anaomba kura. Sisi hatuna namna nyingine ya kukutana. Na huwezi kusimama getini ukauliza, "Samahani, hapa ndipo kwa walevi?"

Jumamosi, siku ya kumi na mbili, Didas alivaa shati la kazini, akawasha pikipiki, akapita njia ya Kiluvya mpaka Kisarawe. Aliliona duka la Biubwa. Akaingia mtaa wa nyuma, na hapo akakuta mageti mawili ya bluu, yamefuatana kama mapacha. La pili lilikuwa limefungwa, kimya kabisa. La kwanza lilikuwa wazi, na uani, chini ya turubai, viti vyeupe vimejaa watu. Watu wazima, wenye nyuso za kufikiri. Mbele kulikuwa na meza, daftari kubwa, na mama mmoja mnene mwenye miwani aliyeshika kalamu kama mtu asiyetaka mchezo. Didas akahesabu vichwa kama thelathini, machozi yakamlenga. Hakujua kwamba wako wengi hivi.

Alipokewa vizuri mno. Kijana akamvutia kiti, binti akampa soda, mzee mmoja wa jirani aliyevaa kofia ya kiua akamwambia, "Karibu, kiti hicho ukae kwa adabu, mguu mmoja una ufa." Hakuna aliyemuuliza ametoka wapi. Didas akawaza kwamba kweli watu hawa wamepitia mateso, wanajua kupokea mtu.

Mama wa miwani, ambaye wote walimwita Mwalimu Stellamaris, akagonga meza.

"Zimebaki wiki tatu, ndugu zangu. Sitaki mtu akate tamaa sasa. Kuna wenzetu waliahidi mbele yetu hapa, na mpaka leo hawajatimiza. Tusiwacheke. Tuwafuate nyumbani, mmoja mmoja."

"Kabisa," Didas akasema kwa sauti, na watu wakageuka kumwangalia kwa heshima.

"Naona tuna mgeni," Mwalimu Stellamaris akasema. "Simama baba, ujitambulishe, na useme utatusaidia kwa lipi."

Didas akasimama. Aliona nyuso zote zile zinamtazama bila dharau, akavuta pumzi.

"Jina langu Didas," akasema. "Mimi ni mlevi. Nimekunywa miaka ishirini na miwili. Hakuna pombe nisiyoijua, ya chupa, ya ndoo wala ya kibuyu. Nimelala kwenye mitaro, nimelala kwenye keki. Sina kingine cha kuwapa ila ukweli huo."

Mtu wa nyuma akapiga makofi, na turubai zima likalipuka. Mama mmoja akapiga kigelegele.

"Mungu hamtupi mja wake!" akasema baba mmoja mrefu aliyekaa karibu na meza, ambaye alikuwa kaka mkubwa wa marehemu mume wa mwalimu. "Wiki nne tunatafuta mtu wa kamati ya vinywaji, wote wanajidai hawanywi! Leo kaja mtu mkweli, kaja kwa miguu yake!"

Hapa ndugu msomaji utauliza kama Didas hakushtuka. Alishtuka. Lakini alifikiri kwamba ndivyo tiba ya kisasa ilivyo: adui unamkalisha mezani, unamtaja kwa jina, unamtazama usoni mpaka yeye ndiye aone aibu. Na kikao cha harusi, kwa upande wake, hakimuulizi mtu ametumwa na nani. Rafiki humleta rafiki, binamu humleta bosi wake, na kila anayekalia kiti anahesabiwa kuwa mwenzetu.

"Tuseme wageni mia mbili na hamsini," akasema yule baba mrefu, aliyeitwa Baba Mkubwa. "Wewe ungefanyaje?"

Didas alidhani anapimwa. Akafumba macho, akajibu kwa moyo wote.

"Kwanza toeni walokole. Kisha toeni majirani Waislamu, ila msitoe soda zao. Toeni wanaotumia dawa, lakini hao wahesabiwe nusu, kwa sababu wakifika saa tatu wataiahirisha dozi. Meza ya wajomba isiwe karibu na stoo. Bia isifunguliwe mpaka ifike mezani, na mhudumu arudishe kizibo, asiporudisha kizibo hapewi nyingine. Mtu akivaa koti kubwa siku ya joto, mfuateni chooni. Na kipaza sauti..." hapo akaikumbuka ile keki. "Kipaza sauti, ndugu zangu, akabidhiwe mtu asiyeonja kabisa. Nawaomba sana."

Mwalimu Stellamaris alikuwa anaandika mpaka kalamu inatoa moshi. Baba mmoja akanong'ona kwamba katika vikao kumi na saba vya harusi alivyohudhuria, hajawahi kusikia hekima kama hii. Bahati mbaya hakunong'ona karibu na Didas.

"Apewe uenyekiti wa kamati!" Baba Mkubwa akasema. "Na ufunguo wa stoo!"

Didas alikuwa ndiyo kwanza anaanza kuona kwamba ufunguo wa stoo ya bia ni dawa kali kidogo kwa mgonjwa wa siku kumi na mbili, mtu akatokea getini. Akaingia kijana nadhifu amebeba mfuko wa karanga za wajumbe, anatabasamu kwa haya, kama ilivyo kawaida ya bwana harusi anayekuja kusalimia kamati yake. Akaanza kusalimia kuanzia pembeni. Alipofika kwa Didas, mfuko ukamponyoka.

"Shikamoo, baba," Godbless akasema.

"Marahaba," Didas akajibu.

"Mnafahamiana?" akauliza Mwalimu Stellamaris.

"Mama," Godbless akasema taratibu, "huyu ni baba yake Atupele."

Karanga zilikuwa bado zinaviringika. Kuku wa jirani akaingia kuzila, na hakuna aliyemfukuza.

Baba Mkubwa ndiye aliyesema kwanza. "Baba yake Atupele yuko Dodoma! Mimi mwenyewe niliongoza ujumbe, nikaambiwa yuko Dodoma kikazi!"

Didas angeweza kukimbia. Geti lilikuwa wazi na pikipiki ilikuwa hatua kumi. Mtu anaweza kuishi maisha mazuri tu bila kuonekana tena Kisarawe. Lakini alijua akikimbia, Jumamosi hii itamfikia Atupele kabla yake, nayo itamfikia hivi: baba yako amekuja kwa wakwe, amejitangaza kuwa mlevi, amechukua soda, amekimbia.

"Nilikuwa stoo ya mahindi," akasema. "Nimefungiwa kwa kofuli. Kama mlisikia mkoromo mkadhani ni jenereta ya jirani, nilikuwa mimi."

"Nilisema ile jenereta inavuta mafuta vibaya," akasema mtu mmoja nyuma.

"Mimi sikuja kwenye harusi," Didas akaendelea. "Natafuta kikao cha watu wanaoacha pombe. Niliambiwa geti la bluu na viti vyeupe. Nilidhani nyinyi wote ni walevi wenzangu. Nisameheni. Nilifurahi sana kuwaona."

Baba Mkubwa alisimama. Alianza kusema habari za ukoo, na heshima, na watu wanaodanganywa mchana kweupe, na kama harusi hii iangaliwe upya. Didas alisikia neno hilo "iangaliwe upya" likimpita kifuani. Kupoteza mkono wa binti yake kanisani alikwishajiandaa. Kumvunjia harusi hakuwa amejiandaa kabisa.

Lakini yule mzee wa kofia ya kiua, Mzee Mwinyimadi, alikuwa na shida yake nyingine. Akajipiga paja.

"Basi huyu ni wa kwangu! Kikao chake kiko kwangu, geti la pili. Hivi viti mlivyokalia si ndivyo vyao? Niliwaazima nyinyi kwa sababu mlisema mnamaliza saa nane. Wenyewe wamekaa ndani juu ya ndoo, masikini, na mlango wameurudishia."

Mwalimu Stellamaris akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kitenge, akaivaa tena. Akamtazama Didas muda mrefu, kama mwalimu anayetazama mtihani ambao mtoto amekosea maswali yote lakini hakuibia.

"Shemeji, kaa chini," akamwambia Baba Mkubwa. "Marehemu mdogo wako alikufa kwa pombe, na siku zote ulikuwa unawaambia watu ni presha. Huyu ni mwanamume wa kwanza kusimama kwenye ua wangu akaita kitu kwa jina lake." Kisha akamsukumia katibu daftari. "Kwenye vinywaji mfute. Muandike maji na soda. Yale ya vizibo yabaki."

Akachukua simu yake, akampigia Atupele, akaweka sauti kubwa wote wasikie.

"Shikamoo mama," ikasema sauti ya binti.

"Marahaba mwanangu. Baba yako yuko hapa kwangu, kwenye kikao."

Ikaja sauti ndogo kutoka Kibaha, iliyochoka kabla ya wakati wake: "Amelewa?"

Mwalimu Stellamaris, mtu wa kufuata utaratibu, akainuka, akamwendea Didas, akamwambia, "Mkwe, fungua mdomo." Didas akafungua. Mbele ya wajumbe thelathini mama mkwe wa binti yake akamnusa, akafikiri, akamnusa tena.

"Hajalewa," akatangaza.

"Hajalewa!" kamati ikaitikia, na yule mama wa kigelegele akakipiga, kwa sababu alikuwa amekwishavuta pumzi.

"Baba, umefuata nini huko?"

"Kile kikao ulichosema," Didas akasema. "Nimekosea geti."

Ikasikika sauti ambayo Didas hakuitambua mara moja. Atupele alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, na kamati nzima ikaanza kucheka naye, hata Baba Mkubwa, ingawa yeye aligeuzia uso ukutani.

"Na kile chenyewe?"

"Kipo geti la pili. Nakwenda sasa hivi. Usikate simu, usikilize mwenyewe, uwe ndiye shahidi."

Mkwe haachwi akaenda peke yake, hata kama anakwenda nyumba ya pili. Kamati ikainuka, ikamsindikiza Didas, simu ya mwalimu ikiwa mkononi mwake, Mzee Mwinyimadi mbele akihimiza kila mtu arudi na kiti chake. Waliokuwa ndani, watu saba, waliposikia vishindo na vigelegele vinakuja, mmoja akajifunika khanga gubigubi na mwingine akapitia dirisha la nyuma. Mlango ukafunguliwa kidogo. Akatokea Mbaraka, fundi baiskeli, aliyekuwa msimamizi wa siku hiyo.

"Karibu," akamwambia Didas. "Lakini hawa wabaki nje. Na simu hiyo uizime."

"Ni binti yangu. Anatakiwa kushuhudia kwamba nimefika."

"Hapa hakuna kushuhudiwa, kaka. Aliyekuja hatumsemi nje, na asiyekuja hatumsemi. Ndiyo sheria pekee tuliyonayo. Wengine tunaona aibu hata kwa kuku."

Didas akasimama kizingitini. Aliangalia ndani, akaangalia simu.

"Baba," simu ikasema.

"Naam."

"Umekaa siku ngapi hujanywa?"

"Leo ya kumi na mbili."

"Kumi na mbili? Mbona hukutuambia?"

Didas akafuta jasho la shingoni. "Mngetaka shahidi," akasema, "na mimi sikuwa naye."

Wakamsikia Atupele akipenga kamasi.

"Zima simu, baba. Ingia."

"Na baba mdogo Prosper?"

"Baba mdogo atakaa na mama. Zima simu, wanakusubiri."

Didas akaizima, akamrudishia mwalimu, akainamisha kichwa kuupita mlango mfupi. Ndani kulikuwa na ndoo moja iliyobaki, imepinduliwa chini juu. Akajivutia, akakaa.